Umeona Mkia?

Mimi ni mfanyakazi wa reli katika mji usio na reli. Nikisema hivyo hapa Uvira watu wanacheka, na mimi nawaacha wacheke, maana nimechoka kueleza. Wazee wanasema zamani ilikuwepo njia ya treni kutoka bandari ya Kalundu, ikipita katikati ya uwanda wa Ruzizi kuelekea kaskazini, lakini vyuma viling'olewa kabla sijazaliwa. Kilichobaki ni tuta la udongo ambalo watu wa Katogota wanapanda mihogo juu yake, na vipande vya chuma pale bandarini, ambavyo navyo vilizama ziwa lilipopanda. Treni zangu mimi ziko mbali kusini, huko ambako meli za mizigo zinatoka. Sijawahi kuziona hata moja.

Kazi yangu ni kupokea sauti na kuipeleka. Huko kusini njia ya treni ni moja tu. Zinazokwenda na zinazorudi zinatumia hiyo hiyo. Kwenye kipande ninachokihudumia kuna stesheni mbili. Ya chini iko karibu na ziwa, tunaiita Ziwa. Ya juu iko porini karibu na daraja, tunaiita Mto. Zamani ziliongea kwa simu ya waya, lakini waya ulikuwa wa shaba, na shaba ina wapenzi wengi. Iligeuka bangili na sufuria, kilomita baada ya kilomita, na Mto mpaka leo hakuna mtandao wa simu za mkononi. Ikaletwa foni, ile redio ya sauti yenye kipaza cha kushika mkononi, na kichekesho kikaanzia hapo: Ziwa na Mto hawasikiani. Fundi alituambia kwamba sauti ya foni hupanda juu na kwenda kuangukia mbali, inawaruka walio karibu, kama jiwe bapa ambalo watoto wanalirusha juu ya maji. Uvira iko mbali vya kutosha. Mimi nawasikia wote wawili kana kwamba wamekaa sebuleni kwangu, na wao wananisikia. Wakubwa wakaamua Uvira ipokee na kupeleka mpaka suluhisho lipatikane. Hiyo mpaka yao ina miaka kumi na mmoja sasa.

Sheria zenyewe ni chache. Treni ikitaka kutoka Ziwa, Ziwa ananiomba njia, mimi namuuliza Mto, Mto akikubali naandika kwenye daftari na kumtolea Ziwa njia. Tangu dakika hiyo hakuna kingine kinachoingia kwenye kipande hicho. Njia inarudi kwangu treni ikishafika Mto nzima, na neno lenye uzito ni hilo, nzima. Behewa la mwisho linatundikwa kibao chekundu nyuma, ndicho tunachokiita mkia. Mkuu wa stesheni asipouona mkia kwa macho yake hawezi kujua kama treni imefika yote, au imekatika njiani na kuacha mabehewa yamejaa watu katikati ya pori, ili treni ya pili ije iyakute. Kwa hiyo kila siku, kwa kila treni, nauliza, "Umeona mkia?" Nimeuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyosali rozari, Mungu anisamehe.

Sheria nyingine ni kurudia. Ujumbe wowote unaoupokea unaurudia neno kwa neno, na mwenye shaka anasema tu, "Rudia," na mwenzake haruhusiwi kununa. Na ya mwisho ni kwamba aliyetoa njia ndiye anayeipokea inaporudi. Huamki kitini ukamwachia mwingine treni ikiwa bado iko ndani ya kipande.

Tulikuwa wawili kwenye kazi hii. Mwenzangu alipanda Bukavu kwa msiba, barabara ikafungwa nyuma yake, na huko ndiko aliko. Ananitumia ujumbe wa pole kila Jumapili. Nikabaki peke yangu na foni, kwenye chumba cha juu cha jengo la bandari, kwa sababu chumba cha chini kiliingiliwa na maji na mpaka leo kina kambare. Dirisha moja linatazama ziwa na lingine linatazama mlima. Kati ya ziwa na mlima kuna mji wetu mwembamba, na barabara zake zote zinazotoka zina mtu aliyekaa kwenye kizuizi akikuuliza unakwenda wapi. Siku nyingine nilihisi kama nimefungiwa kabatini. Niliomba uhamisho mara tatu, na mara ya tatu mkubwa mmoja alinijibu kwa upole kabisa kwamba nikiondoka treni zitasimama. Alidhani ananisifu.

Yule bwana wa Mto sijawahi kumwona usoni. Ananiita Mama Uvira, mimi namwita Papa. Najua ana kifua kibaya na mwili mzito, najua mke wake alimwacha akarudi, najua anapenda samaki wa ziwa letu na analalamika kwamba mikebe inayopelekwa kwa meli ikifika kwake samaki wamebaki vichwa. Ofisi yake inatazama kichwa cha treni. Mkia unabaki nyuma ya kona, ng'ambo ya tangi la maji, kwa hiyo kuuona lazima ashuke, atembee kwenye kokoto hadi kule, arudi. Akirudi kwenye foni anahema kama aliyebebeshwa gunia. Mimi huwa nasubiri huko kuhema kwake ndipo nishike kalamu. Hakuna kitabu kilichonifundisha hivyo. Ni miaka tu.

Mwaka jana binti yangu alipata mchumba, mtoto wa watu wa Katogota, wakulima wa mpunga wanaozungumza Kirundi, Wakatoliki kama sisi. Ukoo wa baba wa binti yangu ni wa hapa ufukweni, wavuvi wa siku zote. Baba yake alikufa binti akiwa na miaka sita. Nilimlea mimi, mtaa wa Kilibula, kwenye nyumba ya vyumba viwili, na foni ilikuwa kama mke mwenza mle ndani, maana kila alipougua, kila aliposhinda mtihani, kila alipolia, mimi nilikuwa bandarini nauliza mkia.

Siku ya kupokea posa, kwetu huku, kuna maneno mengi ya wasemaji na vinywaji vingi, lakini kwa mama kuna jambo moja. Mama wa kijana anakuja na kikwembe kipya, yaani kitenge, anamfunga mama wa binti kiunoni kwa mikono yake, mbele ya watu wote. Tangu hapo wawili hao ni wamoja. Mtoto akizaliwa, huyo aliyefungwa ndiye anayeitwa. Ndoa ikiyumba, huyo ndiye anayefuatwa. Mama asipokuwepo anafungwa shangazi wa binti, na kikishafungwa imekwisha, hakihamishwi. Shangazi mwenyewe, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa na parsele kubwa, kiwanja chenye nyumba, mtaa wa Kasenga, na sherehe tulikubaliana ifanyikie kwake. Mimi na yeye tumesameheana mara nyingi, na kila mara ni yeye anayetangaza.

Wiki nzima binti yangu alinifuata jikoni na neno moja.

"Mama, minye sitaki bafunge shangazi. Minye nataka weye."

"Weye mutoto, nani alikuambia sitakuwepo?"

"Weye siku zote uko unasema utakuwepo."

Nilimtupia kitambaa cha sufuria, akacheka, lakini maneno yake yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nikaapa, kimoyomoyo, kwamba hiyo siku moja nitakuwa mama wa mtu na si mama wa treni.

Nilijipanga vizuri. Niliwaandikia wakubwa, wakanikubalia msaidizi wa siku moja: mzee mmoja mstaafu wa bandari aliyewahi kufanya kazi ya foni zamani, mtu mwema, ingawa anasikia kwa sikio la kushoto tu. Siku hiyo kulikuwa na treni mbili za kupanda. Ya kwanza ningeitolea njia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ingefika Mto saa tatu, ningepokea njia, ningemkabidhi mzee daftari safi, naye angeitolea njia ya pili. Saa nne ningekuwa Kasenga. Wakwe walikuwa wametoka Katogota alfajiri na lori, na ilibidi waondoke saa saba, kwa sababu kizuizi cha uwandani kinafungwa alasiri na anayekikuta kimefungwa analala hapo hapo. Niliwaambia wote wawili kwenye foni, Ziwa na Mto, habari ya sherehe. Nadhani niliwaambia kila siku. Papa wa Mto alijua hadi rangi ya kitambaa changu cha kichwani.

Treni ya kwanza iliondoka kwa wakati, kitu ambacho kingenitia wasiwasi siku nyingine. Saa tatu na robo nikasikia mkwaruzo wa foni, na nyuma yake mvua nzito juu ya bati.

"Uvira, Uvira, hapa Mto. Treni imefika."

"Treni imefika. Umeona mkia, Papa?"

"Nimeona mukia. Mama, funga daftari, kwenda ku mutoto wako. Usichelewe."

Mzee wangu msaidizi alikuwa ameshasimama nyuma ya kiti, na thamosi yake mkononi, anasubiri nimpishe. Kalamu ilikuwa tayari kwenye karatasi. Ila Papa hakuhema. Sauti yake ilikuwa imetulia, kavu, sauti ya mtu ambaye hajatoka kwenye kiti chake. Kulikuwa na mvua, yeye ana kifua kibaya, na treni ilikuwa imefika dakika hiyo hiyo. Alikuwa amenidanganya, na nilijua kwa nini. Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyo hajanipa zawadi yoyote kwa sababu hakuna njia ya kumpa mtu zawadi kupitia foni, na siku hiyo alikuwa amepata moja.

Nataka niseme ukweli. Nilikaa na kalamu juu ya karatasi muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilijiambia kwamba treni hukatika mara chache sana. Nilijiambia kwamba uongo ukiwa wake dhambi ni yake. Nilimwona mama wa Katogota anakunjua kikwembe.

"Rudia," nikasema.

"Mama, minye nimesema nimeona."

"Pumzi yako iko wapi, Papa?"

Mvua yake ndiyo niliyokuwa naisikia, kisha akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa sahani yake ya chakula, na akakata.

Mzee msaidizi alinigusa bega. "Mama, weye kwenda tu. Minye nitapokea hii njia."

"Utamwuliza mkia?"

"Lakini yeye ameshasema ameona. Minye nimesikia."

Nikajua kwamba nikiamka hapo, treni ya pili itaingia ndani ya robo saa. Ningeweza kumwambia akae asiguse kitu. Nililifikiria hilo. Lakini Ziwa alikuwa ameanza kupiga kelele: watu wake wa treni ya pili walikuwa wamelala stesheni siku mbili, watoto wanalia, yeye mwenyewe anatukanwa, Uvira tunafanya nini huko, tumelala? Mzee wa watu, na sikio lake moja, asingemaliza nusu saa mbele ya kelele zile. Nikabaki kitini. Nilikuwa nimevaa nguo ya sherehe, mpya, ya bluu, na kiti kile kina msumari ambao kila siku naupiga na kila siku unarudi.

Papa wa Mto alirudi saa nne na dakika tano. Alikuwa anahema hata maneno yakamtoka vipande vipande.

"Mama. Haina mukia."

"Rudia."

"Haina mukia. Ku behewa ya mwisho haiko kintu. Natafuta kibao, haiko. Nauliza bantu, hakuna mwenye ameona."

Sikumbuki nilifurahi au niliogopa. Nadhani nilifurahi kwanza, kwamba nilikuwa sahihi, kisha nikaogopa kwa aibu ya kufurahi. Nilimwambia ahesabu mabehewa kwa kutumia karatasi ya treni, ile yenye orodha yake. Akarudi kwenye mvua. Kumbe kuhesabu treni ya mizigo iliyojaa watu juu si kazi ndogo; alirudi baada ya dakika arobaini. Karatasi ilisema ishirini na mbili. Yeye alihesabu ishirini na moja. Nikamwomba ahesabu tena, akahesabu tena, ishirini na moja.

Basi kulikuwa na behewa limepotea kati ya Ziwa na Mto, huenda na watu, mvua ikinyesha, na mtu pekee duniani aliyeweza kuongea na pande zote mbili alikuwa mimi na gauni langu la bluu. Nilimwita Ziwa. Akasema kwa ukali treni ilitoka kwake na mabehewa ishirini na mbili, karatasi ameisaini mwenyewe. Nikamwambia aende kwenye uwanja wa stesheni akaangalie. Akasema msimamizi wa mabehewa amekwenda kula. Nikamwambia amtafute. Akasema mimi si mkubwa wake. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na mzee msaidizi, ambaye inaonekana sikio lake la kushoto ni zima kabisa, alifanya ishara ya msalaba.

Simu yangu ya mkononi ilikuwa mezani, inalia na kunyamaza. Saa tano alipiga shangazi. "Wifi, bakwe banakungoja. Batu bote bamekaa." Nikasema nakuja. Saa sita kasoro alipiga tena, akasema wasemaji wamemaliza utani wao wote na wameanza kuurudia. Nikasema nakuja. Saa sita alipiga binti.

"Mama, uko wapi?"

"Bandarini."

"Batabakia mpaka saa saba. Lori iko inawashwa saa saba."

"Nakuja, mutoto wangu."

Hakukata. Nilisikia watu wakiimba nyuma yake, wimbo wa Kirundi, polepole, wa kupoteza muda. Kisha foni ikakwaruza na ilibidi mimi ndiye nikate.

Ziwa alikuwa anaita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alizunguka zunguka, akasema mvua, akasema usiku wa kupanga mabehewa taa hazikuwepo, ndipo akafika kwenye jambo lenyewe. Behewa la mwisho lilikuwa limeonekana bovu magurudumu, wakalikata kabla treni haijaondoka na kulisukuma pembeni, wakasahau kulifuta kwenye karatasi. Liko hapo stesheni kwake, hatua mia kutoka mlangoni pake, tupu.

"Na mkia?" nikauliza.

"Mukia iko hapa," akasema. "Bameiacha imetundikwa ku ile behewa."

Treni ilikuwa imefika nzima tangu saa tatu na robo. Mkia ndio haukuwa umeondoka. Asubuhi yote kile kibao chekundu kilikuwa kinaning'inia mbele ya mtu aliyekuwa ananipigia kelele. Ningesimama saa tatu na robo, nikaandika uongo wa Papa wa Mto kwenye daftari na kwenda zangu Kasenga, hakuna mtu angepata hata mchubuko. Nimeligeuza jambo hilo kichwani kila upande, na kila upande linaniudhi.

Lakini siku hiyo nilikuwa bado sijamaliza. Ilibidi nimpe Mto habari, arudie. Nimpe Ziwa, arudie. Karatasi ibadilishwe kwa sauti, namba ya behewa moja moja, kwa sababu namba ile moja ya uongo ilikuwa imetufundisha adabu. Nilipopokea njia na kuandika saa, ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu. Nilimkabidhi mzee daftari, nikashuka ngazi, nikarukia pikipiki ya kwanza iliyosimama mlangoni.

Kutoka Kalundu hadi Kasenga ni mji mzima. Dereva alikwenda kasi niliyomlazimisha kwenda, kwenye mashimo, kwenye matope ambayo mito ya mlimani inayamwaga barabarani. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kichwani kwa mkono mmoja na kumpiga mgongoni kwa mwingine. Nilikuwa nasali lori lisiwake. Mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kazi niliomba chombo kiharibike.

Nilipoingia kwenye parsele ya shangazi, wanaume walikuwa wanapanga viti vya kukodi kimoja juu ya kingine. Alama za matairi ya lori zilikuwa mbichi langoni. Magunia ya mchele wa Katogota yalikuwa ukutani, mitungi ya pombe ya ndizi imelala, na shangazi alikuwa amesimama kibarazani na kikwembe kipya kiunoni, chekundu chenye ndege, kimefungwa vizuri kabisa. Aliponiona alianza kukifungua. Nasema haki yake: alianza kukifungua, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ache, shangazi," binti yangu akasema. "Bameshafunga."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho ambacho hakijapangwa, amevuliwa viatu, poda usoni imechirizika. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza mkia, na behewa bovu, na karatasi, na Papa wa Mto aliyenidanganya kwa wema, na watu ambao wangeweza kufa. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayejitetea polisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama," akasema, "Uvira haina treni."

Akaenda kusaidia kupanga viti.

Usiku ule sikulala Kilibula vizuri, lakini hiyo si habari. Habari ni asubuhi yake. Nilikuwa kitini saa kumi na mbili, msumari mahali pake, mzee amerudi kwake na thamosi yake. Ziwa lilikuwa tulivu kwenye dirisha moja, mlima kwenye lingine. Nilijiambia nitafanya kazi na kunyamaza, nitatoa njia na kupokea njia, mpaka mwenzangu arudi au mpaka nizeeke, chochote kitakachotangulia.

Foni ikakwaruza.

"Uvira, Uvira, hapa Mto. Mama, habari ya kuamka?"

"Nzuri, Papa."

Nilijua anachotaka kuuliza. Niliwaza kwamba mtu huyu alitembea kwenye kokoto mara tatu katika mvua na kifua chake kile, kwa sababu mimi nilikataa zawadi yake. Nikisema ukweli ataubeba, huko porini, ambako hana hata mtu wa kumwambia.

"Ulifika ku mutoto?"

"Nilifika," nikasema. "Nilifika kwa wakati. Wakanifunga kikwembe. Chekundu, kina ndege."

Nilikuwa nimekaa. Sikuwa nahema; sauti yangu ilikuwa kavu kama yake ya jana. Alikuwa anasikiliza kitu kingine nyuma ya maneno, na nikajua kosa langu kabla hajalisema.

"Rudia, Mama," akasema taratibu.

Nilibonyeza kitufe. Nikakishika hivyo, kipaza mdomoni, mpaka taa ya betri ikaanza kufifia, na sikuweza kurudia.